Kabla ya kununua mashine ya jikoni

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Leo naomba ruhusa yao nipingane nao kidogo, maana kwa vyombo vya umeme vinavyoingia majikoni mwetu hapa Ngara na Biharamulo, asiyechagua ndiye anayeumia.

Kwa miaka mingi wilaya hizi zilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, na wengi hawakuupata kabisa. Sasa nguzo zimefika mbali zaidi, na pale Rusumo mto Kagera unazalisha megawati 80 zinazogawanywa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Umeme ukifika, blenda na mashine za kusaga na kukatakata nazo hufuata. Mama anauza debe la maharage ili apumzishe mikono yake. Je, ni haki mashine hiyo iungue kabla ya mavuno mengine?

Kutaka kusagiwa si anasa. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa kambi ya Benako, ilionekana wazi kwamba mahindi ya punje yasiyosagwa hula kuni na saa nyingi kabla ya kulika. Kwa hiyo simlaumu anayetaka mashine. Ninachosema ni kwamba aanze na chungu chake, asianze na picha iliyo kwenye boksi.

Swali la kwanza basi: utasaga nini? Mashine ya kukatakata ya nyumbani ilitokana na kazi ya Mfaransa Pierre Verdon, aliyeanza na majiko ya mahoteli kabla ya kuleta ya nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilikusudiwa vitunguu, karoti, nyama na unga wa kukanda. Haikukusudiwa makopa ya muhogo. Blenda nayo hupenda vitu laini vyenye maji: nyanya, maembe, ndizi mbivu, maharage yaliyokwisha kuiva. Karanga huziweza kidogo kidogo, zikiwa zimekaangwa na kupoa. Ukijaza jagi, zinatoa mafuta, zinashikamana, mota inanguruma na kunuka. Kwa muhogo mkavu na mahindi, peleka mashineni kijijini. Kwa karanga nyingi, kinu na mchi, au kile kinu cha chuma cha kuzungusha kwa mkono kinachofungwa mezani, bado vina heshima yake. Na kisamvu, hata kikisagwa laini namna gani, hapana budi kichemshwe vyema, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu.

Swali la pili ni umeme. Geuza mashine, usome kibati kilicho chini yake. Umeme wetu ni wa volti 230. Ukiona volti 100 au 110, hata kama ni mtumba wa bei ya chini, iache. Ilitengenezwa kwa nchi nyingine. Kisha tazama wati. Wengi wanaogopa gharama, lakini hebu tupige hesabu: mashine ya wati 400 ikifanya kazi dakika 5, itabidi uitumie mara 30 ndipo uimalize uniti moja. Gharama kubwa ni kuunguza mota. Taa zikififia jioni, usisage. Mota inayokosa nguvu hupata joto. Iendeshe kidogo, uipumzishe. Na wewe unayetumia kisahani kidogo cha jua cha taa na simu, usidanganywe: hicho hakiwezi kuiendesha.

Swali la tatu wengi hulisahau: nani ataitengeneza? Kile kipande cha mpira au plastiki kinachounganisha jagi na mota huchakaa mapema. Kabla ya kulipa, mpitie fundi wa mjini kwenu umuulize ni aina gani anazipatia vipuri. Jibu lake lina thamani kuliko maneno ya muuza duka. Muuza duka mmoja aliniambia blenda yake husaga kila kitu. Nikamuuliza, hata makopa? Akatabasamu, akaanza kunionyesha rangi zake.

Mwisho, usalama. Chomoa waya kabla ya kuingiza mkono au kijiko. Uji wa mtoto uache upoe ndipo uusage, kwani mvuke ukibanwa ndani ya jagi hurusha kifuniko na kuunguza uso. Fungua visu, uoshe kila mara. Mabaki yanayochacha chini ya visu huingia kwenye uji unaofuata.

Ndugu msikilizaji, waume ndio mara nyingi wanaokwenda dukani, na wake ndio wanaosaga. Basi waende pamoja. Wakiona kwamba jiko lao linahitaji kinu kipya na siyo mashine, wasione aibu. Fedha iliyobaki itanunua daftari za watoto.