Paulo Katika Dhoruba: Imani Wakati wa Taabu

Mama mmoja alifika kwetu na mtoto mgongoni. Vita ilikuwa imefika kijijini mwao, wakakimbia, wakalala porini siku tatu. Mtoto alikuwa anaharisha. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, hana nguvu ya kulia. Nikamwuliza, “Mama, umempa maji?” Akajibu, “Hapana, Baba. Tulimwombea tu, tukamtumaini Mungu.”

Sikumgombeza. Mama yule alikuwa na imani kupita wengi wanaoketi mbele kanisani. Lakini kulikuwa na jambo moja hakufundishwa, nalo ndilo ninaloandika hapa.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma kwa chombo. Dhoruba inawakamata siku nyingi, hawaoni jua wala nyota. Ndani ya chombo kuna watu 276. Usiku malaika anamwambia Paulo kwamba Mungu amempa watu wote walio pamoja naye, hapana hata mmoja atakayepotea. Basi, ahadi amekwisha kuipata. Je, Paulo anakwenda kulala? La! Mabaharia wanapotaka kutoroka kwa mashua, yeye anawaambia askari kwamba hao wakiondoka, wengine hawataokoka. Tena karibu na mapambazuko anawasihi wote wale chakula, kwa maana walikuwa na siku 14 bila kula vizuri. Anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele yao, anakula. Halafu wanatupa ngano baharini ili chombo kiwe chepesi. Wote walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao.

Angalieni: ahadi ilikuwa ya Mungu, na mbao zilikuwa za Mungu vilevile. Mtu aliyeshika ubao hakumkana Bwana.

Sasa turudi kwa mtoto yule. Mtoto anayeharisha hufa kwa sababu maji ya mwili yanatoka pamoja na chumvi yake. Watu wengi hudhani ukimpa maji ataharisha zaidi, kwa hiyo wanamnyima. Ni kosa kubwa. Chukua lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa. Tia sukari vijiko vidogo 6, vilivyosawazishwa, si vya kujaa juu. Tia chumvi nusu ya kijiko kidogo. Usizidishe chumvi, maana ikizidi inamdhuru mtoto. Onja: isiwe na chumvi kupita machozi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha mpe tena. Usiache kumnyonyesha. Na maji ya kunywa yachemke kabisa kwa dakika moja. Mlimani juu sana, dakika 3. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walifika Goma wengi sana, na kipindupindu kiliua maelfu na maelfu kwa majuma machache, kwa sababu ya maji machafu na vyoo kukosekana. Wengi wao walikuwa Wakristo wa kuomba.

Tuliona jambo kama hilo tena Kivu ya Kaskazini na Ituri, ugonjwa wa Ebola ulipotokea kuanzia mwaka 2018 hata 2020. Waliokufa walipita 2,200. Wengine walisema ni uongo, wakaficha wagonjwa, wakaosha maiti kwa mikono mitupu. Lakini makanisa mengi yaliweka ndoo ya maji na klorini mlangoni, wakaacha kusalimiana kwa mikono, na wachungaji wakawasihi watu wakubali chanjo. Mimi siwezi kusema kwamba mchungaji aliyesimama karibu na ndoo ile alikuwa na imani ndogo.

Wengine wananiuliza, “Je, kuogopa ni dhambi?” Mtu akisikia risasi, moyo unapiga mbio, tumbo linasokota, usingizi unakimbia. Mwili uliumbwa hivyo ili tuweze kukimbia hatari. Eliya alikuwa nabii, hata hivyo alimkimbia Yezebeli akaomba afe. Bwana hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale chini ya mti, akampa mkate na maji, akamlaza tena, akampa tena. Maneno yalikuja baadaye, Horebu. Kwa hiyo mkimpokea ndugu aliyetoka vitani, mpeni kwanza ugali na sombe na mahali pa kulala, msimwulize habari nyingi usiku ule. Kwa watu wengi hofu hupungua kadiri majuma yanavyopita. Ikipita mwezi na bado anashtuka kila usiku, hali vizuri, hawezi kazi, au anasema afadhali afe, msimwache peke yake, mleteni hospitali. Msiseme upesi kwamba ana pepo.

Nina kosa langu la kuungama hapa. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa anatibiwa kifua kikuu. Vita ilipokaribia, alikuja kuniaga. Nikamwombea, nikamwambia ashike imani. Sikumwuliza kama ana vidonge. Alikuwa amebakiza vya siku mbili tu. Dawa ya kifua kikuu humezwa miezi 6 bila kukatiza. Ukiacha katikati, vijidudu vinavyobaki vinapata nguvu, na dawa huenda isiviweze tena. Baada ya muda alirudi, mwembamba, anakohoa damu. Ilitubidi kuanza upya. Akaniambia kwa upole, “Baba, imani niliishika. Vidonge ndivyo viliisha.”

Tangu siku ile, mtu akija kuniaga, tunaomba pamoja, kisha namwambia afungue mfuko. Tunahesabu vidonge vyake vyote, vya kifua kikuu, vya sukari, vya kifafa, vya ukimwi. Tunatia fishi yake katika plastiki, pamoja na Biblia, mvua isiilowanishe. Huko atakakofika, aionyeshe kwa mwuguzi wa kwanza atakayemwona.