Njia za Changarawe za Milimani na Haki ya Mwenye Baiskeli

Mtu asimamaye pwani ya magharibi ya Pemba siku ya anga safi, baada ya mvua kuosha vumbi la hewani, huiona milima ya Usambara ng'ambo ya mkondo, imejipanga kama wingu lililokataa kuondoka. Wengi wetu tumeitazama milima hiyo tangu utotoni, na wengi tunao jamaa zetu Tanga na Muheza. Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuipanda, na wachache zaidi walioipanda kwa baiskeli. Leo tungependa kuizungumzia safari hiyo, kwani ndani yake mna mafunzo yanayotuhusu sisi wa visiwani na wale waliopewa dhamana ya kutuongoza.

Katika miaka ya karibuni umezuka ulimwenguni mchezo wa kuendesha baiskeli katika njia za changarawe. Mashindano yake yaliyo mashuhuri kuliko yote yalianza mwaka 2006 katika mji mdogo wa Emporia, jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 2021 mbio za namna hiyo zilifanyika kwa mara ya kwanza katika nchi ya Wamasai huko Mara, Kenya, na mwaka 2022 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika Italia. Baiskeli yenyewe si ajabu kubwa: tairi zake ni pana kuliko za baiskeli ya mbio za lami, hutiwa upepo kidogo ili zishike kokoto, gia zake ni nyepesi kwa ajili ya vilima, na breki zake zina nguvu. Wapendao mchezo huu hawaitafuti lami. Huitafuta njia ile ile ambayo mwanakijiji ameizoea na pengine ameichoka.

Njia kama hizo zimejaa katika Usambara ya Mashariki. Msafiri atokaye Muheza huanza katika joto la tambarare, akapita katika kivuli cha mitiki ya Longuza, kisha akafika kijiji kiitwacho Kisiwani, jina ambalo Mpemba hawezi kulisikia bila ya kutabasamu. Mbele kidogo ni Sigi, ambako zamani za Wajerumani reli nyembamba ilifikia ukomo wake. Nyumba ya mkuu wa stesheni bado ipo, na hutumika kupokea wageni wa msitu. Kutoka hapo njia huanza kupanda kwa kujikunja, mto ukisikika bondeni, miti ikikutana juu ya kichwa, mpaka Amani, kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Hapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902, na bustani yake ingalipo. Ukiendelea mbele utatoka msituni ghafla na kuingia katika mashamba ya chai ya Kwamkoro na Bulwa, kijani kibichi kilichokatwa sawasawa kama mkeka, kisha msitu tena.

Msitu huu ni hazina isiyo na mfano. Tangu mwaka 1997 zaidi ya hekta 8,000 zimewekwa chini ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Lile ua dogo la zambarau linalopandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya asili yake ni milima hii. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani mwaka 1892. Mvua ya Amani hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yake huteremka katika Mto Zigi, ambao ndio unaounywesha mji wa Tanga. Kwa hivyo udongo unaochukuliwa na maji kutoka katika njia mbovu ya mlimani hauishii mlimani. Huenda ukaonekana katika bomba la mkaazi wa mjini ambaye hajapata kuiona njia hiyo hata siku moja.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Katika safari mojawapo, tukiteremka asubuhi baada ya mvua ya usiku, mwenzetu mmoja aliangushwa na handaki lililochimbwa na maji katikati ya njia. Kalavati lilikuwapo, lakini lilikuwa limezibwa na majani na udongo, na maji yalipokosa pa kupita chini yakapita juu. Mwenzetu alichubuka kiwiko na gurudumu lake la mbele likapinda. Aliyetusaidia ni kijana aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Aliiegemeza baiskeli yake mtini, akakaza njiti moja baada ya moja mpaka gurudumu likanyooka, akakataa malipo. Akatueleza kwamba mahali pale yeye mwenyewe amekwisha kumwaga ndizi zake mara mbili.

Tulipoachana naye tulitafakari. Mgeni hutoka mbali na kulipa fedha nyingi ili aipande njia ile kwa furaha. Kijana yule huishuka kwa sababu hana nyingine ya kumfikisha sokoni. Mmoja akianguka, huwa na hadithi ya kuwasimulia wenzake. Mwengine akianguka, watoto wake hukosa chakula cha siku mbili. Na juu ya hayo, wanachokihitaji wote wawili ni kitu kimoja: njia yenye mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni, mitaro iliyozibuliwa kabla ya masika, na makalavati yasiyozibwa. Kazi hiyo ni ya majembe, makoleo na ratiba inayofuatwa, wala haihitaji mitambo mikubwa.

Pia ipo haki ya kuangaliwa. Katika miaka ya 2000 wakulima wa iliki wa eneo la Derema waliondolewa katika mashamba yao ya msituni, wakalipwa fidia, ili msitu uunganike na wanyama na mbegu vipate njia. Uhifadhi ulifaidika. Lakini fidia hulipwa mara moja, ilhali mche wa iliki huzaa mwaka hadi mwaka. Sisi tunaoishi kwa karafuu tunalifahamu vyema jambo hilo. Ikiwa wageni wa baiskeli watapita katika milima hiyo, basi wa kwanza kufaidika wawe wale waliouacha msitu usimame: wawe viongozi wa njia, mafundi wa baiskeli, wenye nyumba za kulala na wapishi wa chakula. Sehemu ya ada ya kiingilio irudi kijijini kwa utaratibu ulioandikwa na unaosomwa hadharani, isiwe ahadi ya mdomo tu.

Tungependa pia kuwakumbusha vijana wetu kwamba mchezo huu una hatari zake. Mwezi wa Agosti 2022 mwendeshaji hodari wa Kenya, Suleiman Kangangi, alipoteza maisha baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Kama hodari wa kiasi kile aliweza kupatwa, mwanafunzi hana sababu ya kuteremka mlima bila ya kofia ngumu wala breki zilizokaguliwa.

Je, haya yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Pemba haina milima ya Usambara, lakini ina vilima na mabonde yasiyokwisha, na ina msitu wa Ngezi, kiasi cha hekta 1,440, ambao njia ya kutoka Konde kuelekea Makangale hupita ndani yake. Tunaye popo wa Pemba, asiyepatikana penginepo duniani. Wanakijiji wa Kidike wamekwisha kutuonyesha kwamba popo akilindwa na mgeni akalipa kumtazama, kijiji hupata chochote. Njia za baiskeli zinaweza kufuata mfano huo huo, kwa gharama ndogo.

Kwa hivyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, maofisa wa misitu, wa barabara na wa utalii wakae pamoja, wazichore njia zinazofaa na kuziwekea alama, ili mgeni asijikatie njia mpya na kuumiza msitu. Pili, vikundi vya vijiji vipewe kandarasi ndogo ndogo za kuzibua mitaro, na walipwe kwa wakati. Tatu, kila mradi wa barabara uhesabu baiskeli kama chombo cha usafiri. Hatusemi kwamba lami isijengwe. Panapostahili lami na ije. Tunachosema ni kwamba njia ya changarawe iliyotunzwa si aibu, na ndani ya msitu pengine ndiyo inayofaa zaidi.

Masika hayangojei kikao. Yule kijana wa ndizi atakuwa anateremka kesho alfajiri, na kalavati lile ama litakuwa limezibuliwa, ama litakuwa vile vile. Na tuanze na hilo.