Mifuatano Rudufu ya DNA na Mabadiliko ya Jenomu katika Nafaka: Mfano wa Mtama

Mtama na ulezi unaolimwa Kigera, Musoma, ni nyasi za ukoo wa Poaceae, wenye mpunga na ngano pia. Mazao haya yana nasaba moja, lakini yanatofautiana mno kwa ukubwa wa jenomu, yaani jumla ya DNA katika seti moja ya kromosomu. Mpunga una takribani jozi za besi milioni 400, mtama milioni 730, na ngano ya mkate zaidi ya bilioni 15. Makala haya yanafafanua chanzo cha tofauti hiyo na maana yake kwa uboreshaji wa mbegu.

Sababu ya kwanza ni muungano wa jenomu. Ulezi umerithi jenomu mbili na ngano ya mkate tatu. Hata hivyo, theluthi moja ya jenomu ya ngano bado ni zaidi ya mara kumi ya jenomu ya mpunga. Ziada hiyo hutokana hasa na mifuatano rudufu, ambayo ni takribani asilimia 85 ya DNA ya ngano.

Sehemu kubwa ya mifuatano hiyo ni retrotransposoni. Retrotransposoni hunakiliwa kuwa RNA, kisha RNA hiyo hugeuzwa kuwa DNA na kupachikwa mahali pengine. Kwa kuwa nakala ya awali hubaki ilipo, kila tukio huongeza jenomu. Kwa upande mwingine, kromosomu zinapobadilishana vipande, baadhi ya nakala hukatwa na kuacha mabaki mafupi. Ukubwa wa jenomu, kwa hiyo, ni matokeo ya mizani kati ya ongezeko na upotevu.

Jenomu ya mtama iliyochapishwa mwaka 2009 ilidhihirisha jambo hilo. Retrotransposoni zimerundikana kuzunguka sentromea, ambako kromosomu hubadilishana vipande kwa nadra. Jeni iliyo katika eneo hilo ni vigumu kuitenganisha na jirani yake isiyotakiwa, hata mtafiti akizalisha vizazi vingi.

Hata hivyo, mifuatano rudufu si takataka. Mwaka 2007 ilibainika kuwa jeni ya SbMATE huuwezesha mzizi wa mtama kutoa sitrati inayofunga alumini, sumu ya udongo wenye asidi. Karibu na jeni hiyo kuna mfuatano unaojirudia, na idadi ya marudio yake inahusiana na kiwango cha ustahimilivu.

Kutokana na hayo, kulinganisha jeni pekee hakutoshi kutathmini mbegu za asili. Aina mbili zinaweza kuwa na jeni ileile, zikatofautiana kwa marudio yaliyo pembeni yake. Mkulima anapoacha aina ya asili bila kuhifadhiwa popote, tofauti hiyo inaweza kupotea kabla haijasomwa.