UBINGWA WA FORMULA 1 ULIOPATIKANA KABLA MSIMU HAUJAANZA

Leo naomba tuachane kidogo na soka. Kila mwaka ikikaribia Februari, vijana wenzangu tunaofuatilia Formula 1 tunaulizana swali lile lile: hivi kwenye majaribio ya kabla ya msimu wanajaribu nini hasa? Na mbona mwingine anaongoza majaribio, halafu mbio zikianza haonekani kabisa? Mimi si injinia, elimu yangu ni ya fom foo tu, lakini kuna msimu mmoja ambao ukiuelewa huo umeuelewa mchezo wote. Ni msimu wa 2009.

Tuanze na sheria, maana kila kitu kinaanzia hapo. Gari la Formula 1 lina mabawa kama ndege, ila yamegeuzwa juu chini. Ndege inanyanyuliwa na upepo, gari linagandamizwa chini na upepo, ndiyo maana linakata kona kwa kasi ya ajabu bila kuruka nje. Tatizo ni kwamba gari la mbele linauvuruga upepo. Kama umewahi kuendesha pikipiki nyuma ya fuso barabara kuu, unajua jinsi upepo unavyokuyumbisha. Sasa fikiria wewe unautegemea upepo huo huo ili usitoke njiani! Ndiyo maana madereva walikuwa hawawezi kukaribiana, na watazamaji wakaanza kulalamika kwamba hakuna kupitana.

Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likaamua kwa 2009 libadilishe karibu kila kitu kwa mpigo. Bawa la mbele likapanuliwa kutoka milimita 1,400 hadi 1,800. La nyuma likapunguzwa upana kutoka milimita 1,000 hadi 750, halafu likapandishwa juu. Vibawa vidogo vidogo vilivyojaa kwenye bodi vikapigwa marufuku. Tairi zenye mifereji zilizotumika tangu 1998 zikaondolewa, zikarudi zile laini kabisa, vipara, ambazo huku kwetu trafiki angekushusha hapo hapo. Kwenye lami kavu tairi kipara jipya ndilo linaloshika zaidi, kwa sababu mpira wote unagusa lami.

Kukawa na kitu kipya kinaitwa KERS. Dereva akipiga breki, nguvu inayopotea bure inahifadhiwa, halafu akibonyeza kitufe inarudi kama nguvu ya ziada ya kilowati 60, yaani kama farasi 80, kwa sekunde kama 6.6 kila mzunguko. Haikuwa lazima kuitumia. Ferrari, McLaren, Renault na BMW waliingia nayo kwa mbwembwe, lakini ilikuwa nzito na ina hatari zake. Kwenye majaribio ya Jerez, Hispania, Julai 2008, fundi mmoja wa BMW alipigwa shoti alipogusa gari.

Halafu kuna sheria ambayo wengi wanaisahau: majaribio katikati ya msimu yakapigwa marufuku. Zamani timu tajiri ikikosea gari, inakwenda kujaribu wiki nzima mpaka inapata dawa. Kuanzia 2009, ukishaanza msimu basi, utajirekebisha kwa kompyuta na handaki la upepo huko huko kiwandani. Kwa hiyo anayekosea Februari analia mpaka Oktoba. Hii ikumbukeni, tutairudia.

Sasa twende kwa timu yenyewe. Honda, wenye kiwanda pale Brackley, Uingereza, walimaliza 2008 wakiwa wa 9 kwa pointi 14 tu. Aibu tupu kwa pesa walizokuwa wanamwaga. Lakini bosi wao Ross Brawn, aliyewahi kushinda sana na Michael Schumacher pale Ferrari, alishalisusa gari la 2008 mapema na kuwaelekeza watu wake kwenye gari la 2009. Alijua sheria zikibadilika, wakubwa na wadogo wote wanaanza na ukurasa mtupu.

Mkosi ukaja Desemba 5, 2008. Dunia ilikuwa kwenye mtikisiko wa uchumi, magari hayanunuliki, Honda wakatangaza wanajitoa. Wafanyakazi kama 700 wakabaki hawajui kama Januari watakuwa na kazi. Kilichonigusa mimi ni kwamba watu hao waliendelea kutengeneza gari ambalo halikuwa na mwenyewe wala injini. Injini ya Honda haikuwepo tena, Mercedes wakakubali kuwauzia ya kwao, ikabidi waikate sehemu ya nyuma ya chesisi ili injini ngeni ikae. Machi 6, 2009 ikatangazwa kwamba Brawn ameinunua timu, na inasemekana kwa pauni 1 tu. Timu ikaitwa Brawn GP. Siku hiyo hiyo gari likawashwa na kuzungushwa Silverstone kwa mara ya kwanza.

Siku tatu baadaye wakatua Barcelona, ambako wenzao walikuwa wamejaribu magari yao tangu Januari. Gari jeupe, karibu halina tangazo lolote. Likaongoza orodha ya muda. Watu wakacheka, wakasema hao wanatafuta wadhamini, wametia mafuta kidogo ili waonekane wepesi.

Na kwa kweli shaka ile ilikuwa na msingi. Kwa makadirio ya kawaida, kila kilo 10 za mafuta zinakula kama sehemu 3 za kumi za sekunde kwa mzunguko. Timu moja inaweza kuzunguka na kilo 20, nyingine na kilo 60, wewe uliyekaa kwenye kompyuta ukiangalia orodha hujui nani kabeba nini. Ndiyo jibu la lile swali la mwanzo. Kumbe safari hii muda ulikuwa wa kweli.

Siri ilikuwa chini ya gari, nyuma kabisa, kwenye kitu kinachoitwa difyuza. Ni sehemu ya sakafu inayopanda juu kuelekea nyuma. Hewa inayopita chini ya gari inapofika hapo inapata nafasi ya kutanuka, na hiyo inafanya hewa iliyo mbele yake ipite kwa kasi zaidi chini ya sakafu. Tuliosoma fizikia tunakumbuka: hewa ikienda kasi kanieneo lake linashuka, kwa hiyo gari linanyonywa chini. FIA walitaka kupunguza nguvu hiyo, wakaweka kikomo cha urefu wa kwenda juu, milimita 175.

Sheria ilikataza matundu kwenye sakafu ukiitazama kutokea chini. Lakini sakafu yenyewe si bapa moja, ina ngazi mbili zinazopishana milimita 50. Brawn, Toyota na Williams wakaona kitu: tundu likiwekwa pale kwenye ukuta wa wima kati ya ngazi mbili, ukitazama kutokea chini hulioni! Hewa ikapenya humo na kuingia kwenye difyuza ya pili iliyojengwa juu ya ile ya kwanza. Nguvu iliyoondolewa na sheria ikarudi kwa mlango wa uani.

Huko Melbourne, Ferrari, Red Bull na Renault wakaweka pingamizi. Wasimamizi wa mbio wakalikataa. Machi 29 Jenson Button akashinda, Rubens Barrichello wa pili, timu yenye umri wa wiki tatu. Kesi ikaenda Mahakama ya Rufaa ya FIA jijini Paris, na Aprili 15 ikaamuliwa kwamba difyuza ile ni halali.

Hapo ndipo ile sheria ya majaribio ilipowabana wenzao. Kila mtu akakimbilia kunakili, lakini giaboksi na sehemu za nyuma za magari yao hazikuwa zimechorwa kwa ajili ya difyuza mbili, na nafasi ya kujaribu haipo. Katika mbio 7 za kwanza Button alishinda 6. Wadau, baada ya hapo hakushinda tena hata moja mwaka ule! Wenzake walishamfikia. Lakini akiba ya pointi ilitosha, akawa bingwa Brazil mwezi Oktoba, na Brawn GP wakachukua ubingwa wa timu. Mercedes wakainunua timu hiyo, na ndiyo hiyo Mercedes mnayoijua. Difyuza mbili zikapigwa marufuku kuanzia 2011.

Ila tusishangilie tu. Machi ile ile ambayo gari lilikuwa linashinda, Brawn alitangaza kupunguza wafanyakazi karibu 270. Baadhi ya waliokesha wakilijenga walilitazama likichukua ubingwa kwenye TV tu.

Kwa hiyo msimu mpya ukikaribia, usibabaike na nani wa kwanza kwenye orodha. Angalia nani anamaliza mizunguko mingi bila kuharibikiwa. Angalia nani ana muda unaofanana mzunguko kwa mzunguko anapokwenda safari ndefu. Na ukisikia timu tatu zinalalamikia kipande kimoja cha gari la mwenzao, jua hapo ndipo penye kitu. Mwaka 2026 sheria za injini na za bodi zilibadilishwa kwa pamoja, mota ya umeme ikapandishwa kutoka kilowati 120 hadi 350. Kila kitabu kipya cha sheria kinakuja na mianya yake, na kuna mtu mahali fulani alishaanza kukisoma mapema kuliko wenzake.

Swali langu kwenu: aliyepata mwanya kwenye sheria amecheza rafu, au amesoma vizuri kuliko wengine? Mimi nasema amesoma. Wewe je? Nawasilisha.