Je, Wajua? Bagamoyo kwa Baiskeli ya Milimani

Mashindano ya baiskeli ya Repack yalianza California, Marekani, mwaka 1976. Wajasiri waliteremka njia ya vumbi kwa baiskeli kuukuu, breki zikipata moto hadi grisi ikaungua! Miaka 20 baadaye mchezo wa baiskeli za milimani ukaingia Olimpiki ya Atlanta.

Lakini Bagamoyo haina mlima. Marafiki wanaotoka mjini wikendi kwenda magofu ya Kaole, kilomita 5 hivi kusini, hukutana na mtihani mwingine: mchanga.

Dawa ni kupunguza upepo wa tairi kidogo. Tairi laini hutanuka, uzito ukasambaa, lisizame upesi. Tumia gia nyepesi, na usikate kona ghafla. Ukifika lami, jaza upepo tena.

Mpenda miinuko aende vilima vya Pugu, Kisarawe. Ukifika lami, jaza upepo tena.