Maziwa kwa Mzee Mwenye Maradhi ya Moyo

Wenye mashamba wengi ni watu wazima sasa, na swali hili husikika barazani: mzee aliyeambiwa kuwa moyo wake ni mgonjwa, je, aache maziwa kwa kuwa yana mafuta?

Tutazame bara, kwenye ng'ombe wengi. Njombe ni mji wa milimani, karibu mita 2,000 juu ya bahari, na baridi yake yawafaa ng'ombe wa maziwa. Kiwanda cha huko kimewahi kununua maziwa ya wafugaji wadogo na kutengeneza mtindi na jibini. Wazee wa Njombe, na wa Makambako inapopita reli ya TAZARA, hawana haja ya kuagiza maziwa mbali. Je, yawadhuru?

Mwaka 2018 jarida la madaktari, The Lancet, lilieleza uchunguzi wa watu zaidi ya 136,000 wa nchi 21, Tanzania ikiwamo. Waliotumia maziwa, mtindi au jibini zaidi ya mara mbili kwa siku walipatwa na maradhi ya moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wasiotumia kabisa. Hao walikuwa watu wa kawaida, na huenda anywaye maziwa hula vyema kwa jumla. Basi maziwa si dawa, wala asiwepo wa kuacha vidonge vyake kwa ajili yake. Lakini hofu ya bilauri moja au mbili haina msingi mkubwa.

Maziwa yana protini ya kumtunza mzee misuli, chokaa ya mifupa, na potasiamu isaidiayo presha. Daktari akisema mafuta yapunguzwe, chemsha, acha yapoe, uengue malai. Usitie chumvi, na sukari iwe kidogo sana. Tumbo likijaa gesi, jaribu mtindi.

Wapo wa kujihadhari zaidi. Aliyevimba miguu na kupimiwa maji ya kunywa ayahesabu maziwa pamoja na maji hayo. Mwenye figo mbovu amwulize daktari kwanza, kwa sababu ya hiyo potasiamu.

Maziwa mabichi yasinywewe hata kama ng'ombe ni wako. Huweza kuwa na vijidudu vya brusela, ambavyo mara chache hufika hata kwenye vilango vya moyo. Yachemke mpaka yafure, ndipo yamiminwe.