Azoti ya shambani: ile inayokaa na ile inayosafiri



Kila msimu tunasikia lalamiko moja: "Tulichanga franga, tukanunua gunia ya urea, tukamwaga shambani, lakini mahindi ikabaki ya njano. Ile mbolea ilikuwa ya bandia." Ni kweli, mbolea mbaya iko. Lakini mara nyingi mbolea ilikuwa nzuri, ila ilipotea mbele mizizi haijaikuta. Tuangalie pamoja inapotelea wapi.

Chakula kimoja, sura mbili

Kinachofanya majani yawe ya kijani ni azoti. Kwenye gunia imeandikwa kwa herufi N. Urea ina N 46, maana yake gunia la kilo 50 lina kilo 23 za azoti. Hata hewa tunayovuta, sehemu 78 kwa 100 ni azoti, lakini mahindi na mpunga haviwezi kuila kutoka hewani. Mzizi unaipokea hasa katika sura mbili, ikiwa imeyeyuka ndani ya maji ya udongo: amoniumu na nitrati.

Amoniumu njo ile inayokaa. Udongo wa mfinyanzi na mboji vinaishika, na mvua haiiondoi kwa urahisi.

Nitrati njo ile inayosafiri. Udongo hauishiki, inatembea na maji. Maji yakielekea kwenye mzizi, nitrati inafika upesi na mmea unakula. Maji yakizama chini sana, inazama nayo, na mzizi hauifikii tena.

Tena tujue jambo moja: ndani ya udongo wenye hewa, joto na unyevu, kuna vijidudu vinavyogeuza amoniumu kuwa nitrati. Kazi hiyo inachukua siku na majuma. Kwa hiyo hata ile inayokaa, kesho itasafiri.

Juu ya nini urea inapotea?

Urea ikiguswa na unyevu wa udongo, kwa siku chache tu inageuka amoniumu. Ukiiacha juu ya udongo, sehemu yake inaruka hewani kama gazi. Ni gazi ile yenye harufu kali tunayosikia kwenye zizi la mbuzi. Huo ni mlango wa kwanza wa kupotea. Mlango wa pili ni nitrati kuoshwa na mvua. Mkulima anayeweka urea yote siku ya kupanda, mwezi wa tisa, mahindi yake bado hayana mizizi ya kuipokea. Mvua kubwa za msimu A zinakula mbele yake.

Basi, kwa mahindi tufanye hivi:

- Tugawe urea mara mbili: mara ya kwanza mahindi yakifika magotini, mara ya pili kidogo kabla ya kutoa maua.
- Tupalie kwanza, ili majani mabaya yasile chakula cha mahindi.
- Tutoboe kashimo kando ya mmea, upana wa vidole vinne hivi kutoka shina, tuweke urea, tufunike na udongo. Isiguse shina, itaunguza.
- Tuweke udongo ukiwa na unyevu, lakini si wakati mvua kubwa inakaribia.
- Tusichanganye urea na majivu wala chokaa. Vinafanya azoti iruke hewani haraka zaidi.

Mpunga una desturi yake

Wenzetu wa mpunga katika bonde la Ruzizi wanalima ndani ya maji. Chini ya maji hewa ni kidogo sana, kwa hiyo amoniumu haigeuki nitrati kwa wingi, na mpunga unaila vizuri hivyo hivyo. Hatari iko pale shamba linapokauka na kujaa tena mara kwa mara. Likikauka, amoniumu inageuka nitrati. Likijaa, vijidudu vinavyokosa hewa vinaitumia nitrati ile, na azoti inarudi hewani. Kwa hiyo, mukishaweka urea, muchunge mifereji: maji yasikatike na yasitoroke.

Samadi na maharagi

Azoti ya samadi imefungwa. Vijidudu vinaifungua polepole, kwanza inakuwa amoniumu, kisha nitrati. Ndiyo maana samadi iliyooza vizuri inalisha mmea muda mrefu, na inaongeza mboji inayoshika amoniumu. Lakini ukifukia mabua makavu ya mahindi na kupanda mara moja, vijidudu vinachukua azoti ya udongo ili kuozesha mabua, na mimea inabaki njano. Tuyaozeshe kwanza kwenye shimo la mboji.

Maharagi na soya vinapata azoti ya hewa kwa msaada wa vijidudu vinavyoishi kwenye vinundu vya mizizi. Ng'oa mmoja wakati wa maua, pasua kinundu. Ndani ikiwa nyekundu au ya waridi, kazi inaendelea. Ikiwa nyeupe au kijani, hakuna kazi. Baada ya mavuno, tuache mizizi na majani shambani, tusichome.

Tujaribu wenyewe

Tunaomba kila koperativi ichague kipande kimoja kidogo cha mahindi na kukigawa mara mbili. Upande mmoja urea yote mara moja, juu ya udongo. Upande mwingine kiasi kilekile, mara mbili, na kufunikwa. Muangalie majani ya chini: azoti ikikosekana, yanaanza yale kuwa njano, kutoka ncha kuelekea katikati ya jani. Siku ya kuvuna mupime kila upande kwenye kilo, mulete hesabu kwenye mkutano.

Gunia ni franga ya wote. Tusiilipe mara mbili: mara moja dukani, mara ya pili kwa mvua.